Niliyoyaona Zubeda Akikaa Eda

Jumamosi, 7 Desemba

Nimefika, na mgongo si wangu tena. Nyumbani Mayfair, Johannesburg, tuliondoka alfajiri, Polokwane tukala viazi vilivyopoa, na baada ya Musina lami ikatukimbia. Kuanzia hapo ni vumbi, mawe na mopane, mti usiochoka kujirudia. Loji yenyewe iko mwisho kabisa wa nchi; ukivuka mto uko Zimbabwe. Joto la huku halina adabu. Nimepewa kitanda kwenye nyumba ya wafanyakazi, chandarua kina tundu, na mtandao wa simu unapatikana juu ya jabali moja tu nyuma ya jiko. Kwa hiyo nitaandika. Mimi nikikosa mtu wa kusema naye napasuka.

Nitapika hapa mpaka mwisho wa Februari. Dada yangu Zubeda nimemwacha ndani peke yake, anakaa eda. Nimeiandika sentensi hiyo nikaitazama. Haipendezi hata kwenye karatasi.

Jumapili, 8 Desemba

Ngoja niliweke sawa, nisije nikajidanganya baadaye. Shemeji yangu Bakiri alianguka kwa ugonjwa wa moyo Oktoba tarehe kumi na nne, akiwa anafungua duka lake la vitambaa, na hakuinuka. Tangu siku hiyo dada anakaa eda yake: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hapaki wanja, hajitii manukato, havuki kizingiti. Wapo wanawake pale Mayfair wanaomwambia kwamba mchana, kwa shida maalumu, mjane anaruhusiwa kutoka. Zubeda hataki kusikia. Mama alikaa hivyo Tanga, bibi alikaa hivyo, naye atakaa hivyo. Na chumba chake, masikini, dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Bakiri ndiye aliyekuwa nguzo yetu. Mwezi uleule mgahawa niliokuwa napika Fordsburg ukafungwa, na mwenye nyumba hana habari na eda ya mtu. Kazi hii ilipotokea niliikataa. Zubeda ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Nenda. Ila siku yangu ikifika, uje unitoe wewe. Sitaki kutolewa na majirani nami nina ndugu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mjane akimaliza, mtu wa damu yake humwogesha, humvisha nguo mpya, humfukiza udi, kisha humshika mkono wakavuka mlango pamoja. Mama alitolewa na mdogo wake. Katika nchi hii Zubeda ana mimi tu.

Nikaahidi. Nikahesabu palepale kwenye simu: Februari ishirini na nne, Jumatatu. Nimetega na kengele.

Jumanne, 10 Desemba

Mayai, mayai, mayai. Wageni wa hapa wanakula kama watu wanaohama.

Ijumaa, 13 Desemba

Kuna dereva anaitwa Damien, Mkongo wa Bukavu, zamani alikuwa mlinzi wa maghorofa Troyeville. Ndiye anayewatembeza wageni kutazama wanyama. Anasema sana huyu mtu. Leo asubuhi mimi nina kitunguu machoni, yeye kasimama mlangoni: "Dada, kuya uone, tembo iko nakunywa mayi." Nikamwambia nimeajiriwa kupika, tembo wana wenyewe. Akacheka, akaondoka na maandazi yangu mawili.

Jumapili, 15 Desemba

Leo nimefanya jambo.

Ilikuwa mapumziko yetu, na Damien akaomba gari awapeleke akina mama wa Kivenda tunaopika nao. Wakanivuta. Nikasema nitakaa nyuma, nitarudi mapema, nina nguo za kufua. Basi tukafika mtoni. Mto wenyewe wakati huu ni mchanga mtupu na vidimbwi. Wakatokea tembo upande wa pili.

Nilidhani tembo ni mnyama wa kishindo. Kumbe sivyo. Walivuka ule mchanga kimya, kundi zima, watoto katikati, na kuna mmoja mdogo alikuwa hajui bado kazi ya mkonga wake, anaukanyaga mwenyewe. Machozi yakanitoka. Kisha nikacheka, nikacheka kwa sauti mpaka mmoja wa wale wapishi, tunayemwita Mama wa sosi, akanishika bega. Tangu tumzike Bakiri sijacheka hivyo. Na dada yangu sikumkumbuka hata kidogo. Nimekaa pale muda wote ule kana kwamba sina dada.

Jioni nikapanda jabali. Zubeda alikuwa kanitumia ujumbe wa sauti. Habari za nyumbani ni chache: Bi Sumaiya kaleta samaki, cherehani imekwama sindano, jirani kapaka ukuta rangi upya. Mwisho akauliza, "Na wewe, umeona nini huko?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu, dada. Vichaka na moshi wa jiko."

Mtu hali mbele ya aliyefunga. Ndivyo nilivyojiambia niliposhuka.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi ya wenyewe. Nimesimama tangu alfajiri, miguu imevimba. Afadhali leo nina haki ya kulalamika.

Jumapili, 5 Januari

Nimemwona chui. Alikuwa juu ya mti, kalala kama nguo iliyoanikwa, na wala hakujali kwamba tupo. Damien alizima gari na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Zubeda aliuliza tena. Kila ujumbe wake siku hizi unaishia hapo: umeona nini. Nikamwambia mvua haijanyesha, vumbi limezidi, wageni wana maneno. Kila nilichosema ni kweli, na bado nilijiona mwongo.

Jumatatu, 6 Januari

Sina hamu ya kula. Nyama yao si halali, samaki wamekwisha, na mayai nimeyachoka sura.

Ijumaa, 17 Januari

Nimegombana na Damien. Alinikuta juu ya jabali namweleza dada kwamba huku hakuna cha kutazama, nami saa moja nyuma nilikuwa naye garini, namshika mkono asiondoe gari kwa sababu twiga alikuwa anazaa. Anazaa, wallahi. Mtoto alidondoka kutoka juu huko, nikadhani kafa, kumbe akainua shingo.

Akaniuliza dada yangu ni mgonjwa? Nikasema si mgonjwa, ni mjane, anakaa eda. Nikamweleza eda ni nini. Akafikiri kidogo, akauliza kama mtu wa eda amekatazwa kusikia habari. Nikasema hakukatazwa.

"Sasa unamuficha nini?"

Nikamwambia akaoshe gari lake. Watu wengine wakipewa usukani wanadhani wamepewa na uimamu.

Lakini nimekaa nalo swali lake mpaka sasa. Ningemwambiaje? Dada, wewe umefungiwa na ukuta, mimi nimeona twiga akizaliwa? Wewe unalia, mimi nacheka mpaka nashikwa bega? Hata kama ni mimi ningeudhika. Kuna raha nyingine ukiisema inakuwa masimango.

Jumapili, 2 Februari

Joto. Hata nzi wamekata tamaa.

Bi Sumaiya amenitumia ujumbe. Ni mama wa Kitanga, jirani yetu wa mlango wa tatu, ndiye anayemnunulia dada mahitaji. Ana ulimi yule mama. Anasema Zubeda amekonda, anakula tonge mbili anasukuma sahani, na jioni anakaa na simu sikioni hata kama hakuna aliyempigia. Halafu akanitia msumari: kwamba yeye zamani zake mtu hakuwa akiwekwa eda peke yake, ndugu wote walihamia.

Nilikasirika. Nikasema kimoyomoyo, kodi ya nyumba atalipa yeye? Hasira yenyewe ilikuwa ya kujikinga, nimeijua ilipopoa. Ningeweza kuomba ruhusa nikarudi mapema, maana wageni wamepungua. Ila wenyeji wanasema mvua za milimani zikianza mto unakuja siku moja, ukiwa mchanga asubuhi na maji jioni. Nataka kuuona ukija. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Jumapili, 9 Februari

Nimeomba ruhusa. Meneja ni mama wa Kikaburu asiye na maneno mengi. Alitazama ubao wake akasema kuna gari la kwenda Musina Alhamisi tarehe ishirini, na jingine Jumapili ishirini na tatu, nichague. La Jumapili litanifikisha nyumbani siku moja kabla. Nina siku za kuchezea, nikajisemea.

Jumanne, 18 Februari

Zubeda anasema siku yake imekaribia, sijasahau? Nikamjibu nisahau vipi, nimeshahesabu zamani. Akasema basi vizuri. Ameshona gauni la kutokea, la kijani, kwa kitambaa cha mwisho alichochagua Bakiri kabla hajafa. Sauti yake ilikuwa na uhai leo. Nikafurahi, nikalala vizuri.

Jumatano, 19 Februari

Harusi ya wageni. Sikuliona jabali.

Alhamisi, 20 Februari

Asubuhi nimekuta Zubeda alinipigia jana mara nyingi, na ujumbe mmoja wa maandishi: "Umefika wapi?"

Nikamhurumia. Nikasema eda imemchosha, siku zimemchanganya kichwa. Nikaandika, "Bado, dada. Usiwe na haraka. Nisubiri, nakuja."

Gari la Musina lilikuwa linapiga honi. Meneja aliniuliza kama ninapanda, kwa sababu nafasi ipo. Lakini Damien alikuwa ameniambia kesho anawapeleka wageni mahali mito miwili inapokutana, ambapo ukisimama unaona nchi tatu kwa jicho moja, na kiti cha mbele kiko wazi. Nikamwambia meneja nitasubiri la Jumapili. Akasema sharp, yaani sawa, akafunga mlango wa gari.

Ijumaa, 21 Februari

Nimepaona. Huku Afrika Kusini, kule Zimbabwe, pale Msumbiji, na katikati viboko wasio na pasipoti wanapiga miayo. Mimi niliyesumbuka na foleni za kibali tangu nije nchi hii nilikaa kitako kwenye mchanga nikawatazama nikacheka. Furukombe alipita na samaki. Damien alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa akaniambia nina uso mwingine nikiwa huku. Yule bwana, nikiri, nilimdhania mpiga domo tu. Ni mtu anayefurahi mwenzake akifurahi, na wa aina hiyo ni wachache.

Tuliporudi, upande wa kusini mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya shughuli.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua. Mtandao umekufa. Mto umekuja na sikuuona ukija, nilikuwa ndani nashika ndoo chini ya paa linalovuja. Daraja dogo la njia ya Musina liko chini ya maji.

Jumapili, 23 Februari

Gari haliendi popote. Nimesimama mbele ya lile daraja nikiwa na begi, kana kwamba maji yataona begi yapungue. Meneja anasema labda Jumanne, kwa trekta. Kesho ndiyo siku ya dada. Nimeswali, nimeomba, nimemtukana na Damien, ambaye hana kosa lolote.

Jumatatu, 24 Februari

Mchana mtandao umerudi, na nimejua nilichofanya.

Nilikuwa nimepanda jabali kumwambia Zubeda nitachelewa kwa siku moja, anisamehe, ni mvua. Kabla sijafungua kinywa simu ikaanza kuteremsha ujumbe wa Bi Sumaiya, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho niliurudia mara mbili ili niusikie vizuri. Nauandika kama alivyousema, kwa sababu nastahili kuusoma tena.

"Nasra, dada yako eda yake imeisha tangu Jumatano, mwezi ishirini Shaabani. Tulikwenda kumtoa, wanawake saba, na maji tumetia na majani, na udi. Akatuambia tungoje, mdogo wake yuko njiani. Alhamisi tumerudi, akatuonyesha ujumbe wako: nisubiri. Basi tumekaa mlangoni na chetezo mpaka makaa yakazimika. Mwanangu, ulihesabu kwa kalenda ya nani?"

Ya nani? Ya simu. Ya kodi ya nyumba na mshahara.

Nikahesabu upya kwa vidole, kama tulivyofundishwa chuoni Tanga tukiwa watoto. Bakiri alifariki siku ya kumi ya Mfungo Saba. Mfungo Nane, Mfungo Tisa, Rajabu, Shaabani: siku ya kumi ya Shaabani ndiyo miezi minne. Ongeza kumi. Ishirini Shaabani, Jumatano iliyopita, siku ya harusi ya watu, mimi nikipamba keki.

Eda ni ya mwezi mwandamo, ulio mfupi kuliko wa simu. Nani asiyejua? Mtoto wa darasa la kwanza la madrasa anajua. Mimi pia najua, na ungeniamsha usingizini ningekujibu. Ila nimekaa Johannesburg miaka mingi nikiishi kwa tarehe za bosi, mpaka huo mwezi wa mbinguni nikaufanya wa Ramadhani na Idi tu. Na huku jioni nimesimama kuutazama mwezi huohuo nikausifia kwa wageni jinsi unavyotoka juu ya mto. Nimeuona ukiwa mwembamba, nimeuona ukijaa, na haukunikumbusha kitu.

Dada hakuchanganyikiwa. Aliponiuliza umefika wapi alikuwa ameimaliza eda, anangojea hodi yangu. Nami nikamwambia asiwe na haraka.

Na si hilo tu. Gari la Alhamisi lingenifikisha nimechelewa siku moja. Siku moja mtu anasamehewa. Mimi nilikwenda kutazama viboko.

Nimempigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikawa hivyohivyo. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo, na leo nimeonja kwamba hata msamaha ni katika hilo lake.

Damien alikuja akasimama chini ya jabali. Baadaye alirudi na habari kwamba amezungumza na mwenye trekta, na kesho mapema watanivusha hata wakinifunga kamba.

Jumanne, 25 Februari

Niko nyumbani, Mayfair. Nitaandika yote kisha sitaandika tena.

Trekta ilinivusha maji yakifika kwenye ekseli. Damien alivuka nami akanishikia begi kichwani, akanipandisha teksi ya Musina, akaniambia nimsalimie dada. Njia nzima nilitunga maneno. Nilikuwa nayo mazuri. Nilipofika mtaani kwetu jua bado liko juu na yote yalikuwa yamenitoka.

Bi Sumaiya alikuwa kibarazani kwake. Nilijiandaa kutukanwa. Aliniangalia viatu vyangu vya matope, akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji ya moto na chetezo, akanikabidhi. Akasema siku zote hizi amekuwa akiyachemsha, kila alasiri, na kila alasiri akiyamwaga. Huyu ndiye niliyemwita mwenye ulimi.

Zubeda alikuwa kakaa kitandani, uso dirishani. Nyeupe ileile. Amekonda, mifupa ya shingo inahesabika. Nikaanguka miguuni pake nikasema nisamehe, nisamehe, nilihesabu vibaya, kisha mvua, kisha daraja. Nilisema na la Alhamisi pia. Nikamwambia gari lilikuwepo, nafasi ilikuwepo, nikachagua matembezi. Akanyanyuka akaenda bafuni akaanza kuvua.

Nikamwogesha. Nilimwagia maji mabegani, nikamsugua mgongo, nikamwosha nywele. Mvi zimemtoka upande mmoja, hakuwa nazo nilipoondoka. Nilikuwa nalia, na yeye ametulia tu. Nilipokuwa namsuuza akasema, "Haya. Umeona nini huko?"

Nikaanza, ulimi umezoea, "Hakuna ki—"

"Nasra." Alinigeukia, maji yanamtiririka usoni. "Kila ujumbe wako una ndege nyuma yake. Nilikuwa naurudia usiku na mchana, si kwa maneno yako, maneno yako hayakuwa na kitu. Nilikuwa nasikiliza ndege. Yupo mmoja anakohoa kama mzee wa msikitini. Ndege gani yule?"

Nikasema simjui jina, Damien anamjua.

"Damien nani?"

Basi nikafunguka. Nilimweleza pale bafuni, kopo mkononi, mpaka maji yakapoa. Tembo mdogo anayekanyaga mkonga. Chui. Twiga alivyodondoka. Viboko na mipaka yao. Alicheka kwenye viboko, kidogo, kisha uso ukamrudia. Akauliza kwa nini nimekaa nayo yote haya. Nikamwambia nilimhurumia, niliona ningemwongezea uchungu, yeye amefungiwa na mimi nastarehe.

Alijifuta mwenyewe. Alivaa gauni la kijani mwenyewe, likampwaya kiunoni, nikamfukiza udi. Hapo ndipo aliposema, taratibu, bila ukali, na heri angenipiga.

"Kuchelewa nimekusamehe. Ungechelewa mwezi mzima ningekusamehe. Lakini muda wote huu umesema na mimi kama watu wanavyosema makaburini. Aliyekufa ni Bakiri, Nasra. Mimi nilikuwa ndani tu."

Nilikunja nguo nyeupe aliyoivua, nikaiweka kando.

Tukaenda mlangoni. Bi Sumaiya na wanawake wawili watatu walikuwa wamekusanyika nje. Nikanyoosha mkono, kama mdogo wake mama alivyofanya, nimshike tuvuke. Dada aliutazama mkono wangu, akainua pindo la gauni, akavuka kizingiti peke yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Alifika mpaka ukingo wa barabara, magari yanapita, akafumba macho kwa jua, akasimama pale akinisubiri nitoke.